Raketi ya nini wakati hujui kusevu?

Kuna msomaji kanitumia meseji juzi, "kaka naomba ushauri, ninunue raketi gani ya tenisi ya meza nianze kuwafunga wenzangu kazini?" Ndugu yangu, raketi haina kosa. Sevisi yako, yaani ule mpigo wa kuanzisha pointi, ikoje?

Maana nawajua, wengi wenu mnataka lile smashi, pigo zito la kunyamazisha ukumbi. Hata kazini kwetu walikuwa wanataka hilohilo, timu ya tenisi ya meza ikachaguliwa nikaachwa, eti huyu anasukuma tu hana smashi. Sikujibu kitu ila iliniuma, na bado inauma nikikumbuka walivyocheka.

Nikawa nabaki jioni peke yangu na meza na mfuko wa mipira, hapo sina cha kusimulia, ni kusevu na kuokota tu. Mwaka huu mmoja wao akapata safari, nikaitwa kuziba pengo, na aliyeziba pengo ndiye aliyeleta kikombe 😂. Fainali jamaa ana mkono mzito balaa, lakini mimi mpira naukwangua kwa chini na raba ya raketi kama mtu anakuna nazi, unadunda kwangu unavuka unatua mfupi karibu na neti, yeye akiugusa tu unazama kwenye neti. Akaanza kuigeuzageuza raketi yake kuiangalia! Seti ya mwisho niko mbele 10-9, nikamwekea sevisi ileile kwa macho, mkono uleule, ila safari hii sikukwangua, mpira hauna spini, yaani hauzunguki, hata kidogo. Akaunyanyua juuu, nikapiga hilo smashi nililoambiwa sina.

Kwa hiyo jifunze kusevu. Seti siku hizi ni pointi 11 tu, zile za 21 ziliisha 2001, na mnasevu mbilimbili, yaani karibu nusu ya pointi zinaanzia mkononi mwako halafu wewe unarusha tu mpira ilimradi uvuke! Tuache kupenda kuonekana jamani, kaa na sevisi moja mpaka ikukubali. Na sevu kihalali, kiganja wazi, mpira upae juu sentimita 16 au zaidi, usiufiche kwa mkono wala mwili. Ukikutana na anayeuficha mwite refa hapohapo, hata kama ni bosi wako. Wangu nilimwitia, akanuna wiki nzima.