Sikiliza voisi zako mwenyewe kabla hujaomba kupandishwa cheo

Miaka 4 nilikaa dawati moja hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kampuni ya kliaringi, yaani ya kupitisha mizigo forodhani, kazi yangu ni kupokea karatasi za madereva, kuangalia entri (fomu ya mzigo ya forodha), kuwaambia gari imeachiliwa ama bado, na kila mwaka nikiomba kupanda naambiwa ngoja mwaka ujao. Nilikuwa na uhakika shida siyo mimi. Kiteso ni cha mama, Luganda nimesoma nacho Kampala, Kiingereza niko sawa, Kiswahili nimekipata na madereva hapa hapa, sasa mtu wa lugha nne atashindwa aje kuwasiliana na watu?

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja dereva wa Mombasa. Alikuja dirishani na karatasi za kontena ya kwenda Kigali, nikamwambia "Leta. Kaa pale. Ngoja." Akaleta, akakaa, akangoja. Jioni alipokuja kuchukua karatasi zake akaniambia taratibu, bila hasira, "Mwanangu, kazi unaijua sana, lakini unaongea na sisi kama askari wa barabarani." Niliumia. Nikajiambia mzee amechoka na safari, lakini usiku yale maneno yakakataa kutoka kichwani.

Ndiyo nikafungua WhatsApp nikaanza kusikiliza voisi nilizowatumia madereva wiki hiyo, 10 hivi. Nikachukua kaunta buku nikachora safu tatu: nimesalimu? nimeamrisha mara ngapi? habari yenyewe imekuja sekunde ya ngapi? Kuna moja ya dakika 1 na sekunde 20, salamu hakuna, "leta" mara 4, "si nimesema" mara 2, na habari yenyewe, kwamba sili ya gari, ile ya kielektroniki ya kufuatilia mzigo, haisomi kwa sistimu kwa hiyo dereva asitoke yadi, imekuja sekunde ya 70 huko mwisho. Yule dereva alisikiliza nusu akawasha gari akaenda. Alirudishwa, akapoteza siku nzima, na mimi nikamlaumu mbele ya wenzake kwamba hasikii. Kusikia sauti yako mwenyewe ukijua kilichompata mtu baadaye siyo kitu rahisi, lakini hakuna mwalimu atakufundisha kama hiyo voisi.

Hili la kuamrisha naona ni letu wengi hapa Uganda. Kiswahili wengi tulikisikia kwanza kwa wanajeshi na polisi, simama, kuja hapa, toa kitambulisho, basi tuliokiokota barabarani tulikiokota na ile sauti yake. Katiba ilirekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, 2022 baraza la mawaziri likapendekeza kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari, kwa hiyo natumaini watoto wetu watakipata na adabu yake. Sisi ambao tuko kazini tayari inabidi tujikague. "Leta karatasi" na "naomba karatasi" zinaleta karatasi ile ile, lakini mtu ambaye ameendesha lori kutoka Mombasa mpaka hapa anasikia vitu viwili tofauti kabisa.

Baadaye nikasoma kuhusu dirisha la Johari. Ni mchoro wa wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, wa 1955, na hilo jina wamelitoa kwa Joe na Harry, siyo ile johari yetu ya kito, ingawa mimi naona limekaa vizuri tu. Vyumba vinne: unachojua wewe na wengine wanajua, unachojua wewe peke yako, kile ambacho hakuna anayejua, na kile ambacho wengine wote wanakiona isipokuwa wewe. Hicho cha mwisho ndicho kinatuzuia kupanda, na hukifungui kwa kukaa peke yako ukiwaza, lazima mtu mwingine akwambie.

Lakini kuuliza nako kuna namna yake. Ukiuliza "naongea vizuri?" kila mtu atasema uko sawa dada. Mimi niliwauliza watu watatu hivi: mara ya mwisho nimekueleza kitu ukaondoka hujaelewa ilikuwa lini? Mmoja akasema nikiongea na mtu macho yangu yako kwa kompyuta. Mwingine akasema imeili zangu kwa wateja zinajibu kitu ambacho hawajauliza. Usijitetee hapo, ukianza tu kueleza kwa nini, kesho hawatakwambia tena. Andika, sema asante, nenda.

Na urekebishe kimoja kimoja. Mwezi wa kwanza mimi ilikuwa salamu na "naomba" tu, basi. Mwezi wa pili habari iende mbele: gari isitoke, sili haisomi, halafu ndiyo sababu. Kila Ijumaa jioni nasikiliza voisi 5 naandika, na pia nahesabu madereva wangapi wamepiga simu kuuliza tena kitu ambacho nilishakisema. Mwanzo walikuwa 9 au 10 kwa siku, baada ya miezi 3 wakawa 2 au 3.

Nafasi ya supavaiza ilipotoka, kwenye intavyu wakaniuliza udhaifu wangu ni nini. Wengi hapo tunasema napenda kazi kupita kiasi. Mimi niliwaeleza ile siku ya sili, nikawaambia nimebadilisha nini na simu zimepungua kiasi gani, na nikaona bosi ameweka kalamu chini anasikiliza. Nafasi nikaipata. Sitakudanganya, kuna ofisi ambazo kinachokuzuia ni kutokuwa na ndugu pale juu, na kaunta buku haitibu hiyo. Na hicho kitabu usikionyeshe kila mtu, kuna wenye kutumia makosa yako kukuchimba, mimi nilitoa hesabu tu, kitabu chenyewe kikabaki kwa begi.

Sasa hivi niko kwa safu ya nne, imeili. Kabla sijatuma nasoma tena swali la mteja kwa sauti, halafu nasoma jibu langu, na wiki iliyopita kati ya 12 bado 5 nilizifuta nikaanza upya.