Mkuu, usisubiri kemo ianze. Mpime mzee uzito leo

Umesema mzee ana saratani ya kongosho, katoka kilo 80 hadi 71 kwa miezi 4, na ndugu wanataka umkatie nyama na mafuta "asiilishe saratani", uzito mtaushughulikia kemo ikishaanza. Thubutu! Kilo 9 kwenye 80 ni zaidi ya asilimia 11. Ikivuka 10 ndani ya miezi 6, hapo ni utapiamlo mkali, hata kama shati bado linamkaa.

Mimi niliyafanya hayo hayo. Kuna mshauri wa lishe wa kujitangaza, mdomo asali tupu, aliniambia juisi peke yake. Nikamwamini kwa sababu baba akila mafuta, choo kinaelea, kimepauka, juu kina utando unaong'aa, unavuta maji mara 3 na bado kinakutazama. Nikajiona daktari: mwili unakataa mafuta! Kumbe kongosho lake halikuwa linafikisha vimeng'enya kwenye utumbo, chakula kinapita bila kusagwa. Dawa ya hilo ni kapsuli za vimeng'enya, wala si kumfungisha mgonjwa. Nilimnywesha juisi wiki 6. Wiki 6, mkuu!

Wiki ya 7 mizani ikapanda kilo 2, nikapigia simu ukoo mzima. Jioni namvua soksi, nabonyeza kifundo cha mguu, kidole kinaacha shimo. Kilo zenyewe zilikuwa maji. Siku ya kemo daktari akamwambia amminye mkono kwa nguvu zake zote, akatazama majibu ya albumini, ile protini ya kwenye damu, akaahirisha. Wanaoingia kwenye tiba wamekonda hivyo ndio hupunguziwa dozi, na kwa jumla huishi muda mfupi zaidi. Yule mshauri nilipomtafuta alikuwa keshaniblok. Ana bahati.

Kwa hiyo mpime kila wiki, uandike asilimia na siyo kilo tu, umtazame na miguu. Kabla ya dozi ya kwanza muulize daktari kuhusu vimeng'enya na mtaalamu wa lishe wa hospitali. Kapsuli anaanza kumeza na tonge la kwanza, nyingine katikati ya mlo, kwa kinywaji cha baridi, asitafune. Mimi mwanzoni nilikuwa nampa sahani ikishaondolewa, sawa na kumpelekea mtu mwavuli keshafika nyumbani.

Ile CA 19-9 uliyouliza, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, na lile la upasuaji, wengine watakujibu. Wewe niambie, mizani mnayo hapo ndani?