Kompyuta haiioni bodi: tafuteni mahali mazungumzo ya USB yalipokatika kabla ya kugusa msimbo

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: umekompaili mfano wa kibodi uliomo katika maktaba ya TinyUSB, umeupakia kwenye bodi yenye mikrokontrola ya STM32F4 bila kosa lolote, taa inamweka, lakini kompyuta inadai kwamba kifaa hakitambuliki. Unataka kujua ni mstari upi ubadilishe. Kwa maoni yangu, usibadilishe wowote kwa sasa, kwa sababu hujajua bado bodi na kompyuta zimefika wapi katika mazungumzo yao, na kila badiliko utakalolifanya kwa kubahatisha litakuongezea jambo jingine la kutilia shaka.

Anza na hiyo taa, maana ina habari. Katika mifano ya TinyUSB, taa hubadilika kila milisekunde 250 ikiwa kompyuta bado haijakikubali kifaa, kila milisekunde 1000 kikishakubaliwa, na kila milisekunde 2500 kikiwa kimelazwa. Kwa hiyo taa inayomweka harakaharaka inathibitisha tu kwamba programu inaendeshwa. Haithibitishi kwamba USB inafanya kazi.

Hatua ya pili ni kutazama upande wa kompyuta. Kwenye Linux, fungua dirisha la amri, endesha `dmesg -w` (amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo), kisha uchomoe kebo na kuichomeka tena. Ikiwa hakuna mstari hata mmoja unaojitokeza, acha programu kabisa na ushughulikie waya: kebo nyingi ni za kuchajia tu na hazina nyaya za data, na vilevile kifaa cha kasi kamili hujitambulisha kwa kuuvuta waya wa D+ (mmoja wa nyaya mbili za data) juu kupitia rezista ya kiloomu 1.5. Chipu za STM32F4 zina rezista hiyo ndani, lakini STM32F103 haina, hivyo hutegemea iliyobandikwa kwenye bodi. Niliwahi kupoteza siku mbili na bodi ya namna hiyo iliyobandikwa rezista ya kiloomu 10. Ilitambuliwa na kompyuta moja na kukataliwa na nyingine, jambo lililonifanya niilaumu kompyuta isiyo na kosa.

Ukiona `device descriptor read/64, error -71`, maana yake kompyuta imehisi kuwa kuna kifaa, imekiuliza diskripta yake ya kwanza (baiti ambazo kifaa hujieleza kwazo), lakini kilichorudi hakikusomeka au hakikurudi kabisa. Hapo mimi huichunguza saa ya chipu, yaani chanzo cha mapigo yanayoongoza kasi yake, kabla ya kitu kingine chochote. USB ya kasi kamili husafiri kwa megabiti 12 kwa sekunde na huruhusu kasi ya kifaa ipotoke kwa asilimia 0.25 tu, ilhali saa ya ndani ya chipu nyingi hupotoka hata kwa asilimia 1. Bodi yangu moja ya STM32F4 ilikuwa ikitumia saa hiyo ya ndani bila mimi kujua. Taa ilimweka vizuri na maandishi ya UART (njia rahisi ya kutuma herufi kwa waya) yalisomeka bila dosari, kwa kuwa UART huvumilia tofauti kama hiyo, na ndiyo maana sikuishuku saa kwa muda mrefu. Nilipohamia kwenye kristali ya nje, ambayo hutoa mapigo sahihi zaidi, na kuhakikisha kwamba USB inapata megahezi 48 kamili, kosa lilitoweka bila kugusa hata mstari mmoja wa msimbo wa USB. Hakikisha pia kwamba jina la bodi ulilolitaja wakati wa kukompaili ni la bodi yako hasa, si la jirani yake yenye chipu ileile lakini kristali tofauti; msimbo utakompailika vilevile, na hutaonywa.

Ikiwa diskripta ya kwanza, yenye baiti 18, imesomwa na tatizo limejitokeza baadaye, basi shuku diskripta ya usanidi, inayoorodhesha violesura vya kifaa. Kompyuta husoma kwanza baiti zake 9 za mwanzo, huchukua humo urefu wa jumla, kisha huomba kiasi hicho. Nilipoongeza poti ya CDC (poti ya mfululizo kupitia USB) kwenye mfano wa kibodi, diskripta ilikua kutoka baiti 34 hadi 100, lakini nilisahau kurekebisha urefu uliotangazwa. Kibodi iliandika kama kawaida na poti haikuonekana, huku kerneli, yaani kiini cha Linux, ikinieleza waziwazi kwamba imepata kiolesura 1 badala ya 3. Kwenye Windows kuna mtego zaidi: mfumo hukumbuka baadhi ya taarifa za kifaa kwa namba zake za utambulisho, kwa hiyo baada ya kurekebisha diskripta, badilisha namba ya bidhaa au ya toleo.

Jambo la mwisho ni namna ya kuchunguza. Usiisimamishe chipu katikati ya mazungumzo kwa kitatuzi (zana ya kusimamisha na kukagua programu), kwa kuwa kompyuta haitakungoja. Utakapoiruhusu iendelee, kifaa kitakuwa kimeshakatiwa tamaa, nawe utaona kosa ulilolisababisha mwenyewe. Wala usichapishe maandishi ndani ya intarapti (msimbo unaokatiza programu kuu kushughulikia tukio la haraka): kwa kasi ya UART ya 115200, herufi 40 huchukua takriban milisekunde 3.5, wakati fremu ya USB hupita kila milisekunde 1. Kompaili kwa `LOG=2`, inayowasha kumbukumbu za TinyUSB, na ikiwezekana `LOGGER=rtt`, ambayo huandika kwenye kumbukumbu kwa haraka na kuacha kitatuzi kisome chenyewe. Angalia vilevile kwamba `tud_task()`, ambayo hushughulikia matukio ya USB, inaitwa kila mara ndani ya kitanzi kikuu. Ukiweka hapo usomaji wa kihisi unaosubiri nusu sekunde, ombi la kupewa anwani, ambalo linatakiwa kukamilika ndani ya milisekunde 50, litachelewa.

Tuwekee hapa mistari ya `dmesg` tangu unapochomeka kebo, pamoja na mwendo wa taa na thamani ya kristali iliyoandikwa kwenye bodi yako.