Daftari la mauzo linajua kuliko laiki

Mdogo wangu unayefungua duka mwaka huu, nianze na pesa niliyoipoteza. Mwaka wangu wa pili wa kuuza madera na nguo za watoto Kariakoo, nililipia matangazo ya mtandaoni miezi mitatu mfululizo. Kila Jumatatu nilifungua simu kuangalia laiki, nikaona zinapanda, nikaongeza dau. Watu walinipongeza kwamba biashara imekua. Mwezi wa tatu ulipoisha nikataka kufuata mzigo mpya, mtaji haukutosha. Pesa ilikuwa imeishia kwenye matangazo, nami sikuweza kusema ni tangazo lipi lililoleta mteja hata mmoja, kwa sababu kila jioni nilikuwa naandika kitu kimoja tu: jumla ya mauzo ya siku.

Jumla ya siku inakwambia umeuza laki tatu. Haikwambii nani kanunua, katokea wapi, kachukua nini, na kama ni yule yule aliyekuja mwezi uliopita. Haya ndiyo maswali yanayokuza duka, na majibu yake hayamo kwenye programu yoyote ya kununua. Yamo kwenye yale unayoyaandika mteja akiwa bado amesimama mbele yako.

Kwa hiyo anza na daftari la kawaida, au jedwali la Excel kama una kompyuta. Chora safu chache: tarehe, namba ya simu ya mteja, bidhaa pamoja na saizi na rangi, bei aliyolipa, bei uliyonunulia ukijumlisha na usafiri, ametujuaje, na kama ni mgeni au amewahi kununua. Siku za msongamano, wiki ya sikukuu kwa mfano, hutaweza kujaza zote. Andika angalau simu na bidhaa, mengine utayajaza jioni kabla hujafunga. Ukisubiri kesho umeshasahau, na utaanza kubuni.

Ukihamia kwenye kompyuta, kuna jambo dogo lililonipotezea wiki nzima. Ukiandika namba ya simu kwenye Excel kama tarakimu za kawaida, sifuri ya mwanzo inaondoka. Siku nyingine utaandika namba hiyo hiyo kwa +255. Matokeo yake mteja mmoja anaonekana watu watatu, nawe unaamini una wageni wengi kumbe ni mtu wako wa siku zote. Ifanye safu hiyo kuwa ya maandishi kabla hujaanza kujaza, chagua mtindo mmoja wa kuandika namba, na ushike huo huo. Bidhaa nazo vile vile: "dera", "madera", "dera maua" ni kitu kimoja kwako, lakini kwa kompyuta ni vitu vitatu.

Safu ya "ametujuaje" ndiyo ngumu kuliko zote, maana watu hujibu haraka haraka. Ukimuuliza mtu ameliona wapi duka atasema "mtandaoni", kwani ndilo jibu la kwanza kumjia, wakati aliyemleta hasa ni shoga yake. Mimi niliacha kuuliza hivyo. Sasa nauliza, "Nani nimshukuru kwa kukuleta?" Kama kuna mtu, atamtaja. Kama ni winga, yule anayeleta wateja dukani kwa malipo, aliyemchukua barabarani, winga mwenyewe atajitokeza, maana anadai chake.

Kwa wale wa mtandaoni usiulize kabisa, weka alama. WhatsApp inakuruhusu kutengeneza linki inayofungua mazungumzo yakiwa na sentensi tayari. Tangazo la kwanza lipe linki inayosema "Habari, naomba bei ya dera la maua". La pili "Habari, nimeona dera jipya". Mteja anabonyeza, anatuma, nawe unajua katoka tangazo gani kwa kusoma mstari wake wa kwanza. Kisha kwenye WhatsApp Business, programu iliyotoka mwaka 2018, mpe lebo: ameuliza, amelipa, amepokea mzigo. Baada ya mwezi, hesabu. Mimi nilipohesabu mara ya kwanza niligundua kwamba wengi waliolipa hawakutoka kwenye matangazo yangu. Walikuwa wameona dera kwenye stetasi ya mtu aliyelinunua kwangu. Nikapunguza dau la matangazo, nikaanza kumpa kila mnunuzi picha nzuri ya nguo yake pamoja na linki ya duka, airushe akipenda.

Sasa tufanye hesabu moja, na naomba uifanye na wewe kwa namba zako. Tuseme umelipia tangazo shilingi 60,000, likakuletea wanunuzi 8. Kila mmoja amekugharimu 7,500 kumpata. Kama faida yako kwenye dera moja ni 6,000, basi kila mmoja wao amekutia hasara ya 1,500. Wengi hapa hukata tamaa na kusema matangazo ni wizi. Subiri. Fungua daftari miezi sita mbele utafute simu za wale 8. Kama watatu kati yao walirudi, kila mmoja mara mbili, hayo ni madera 6 zaidi, faida 36,000. Ukijumlisha na 48,000 za mara ya kwanza unapata 84,000. Toa 60,000 za tangazo, umebakiwa na 24,000. Tangazo lile lile, hasara siku ya kwanza, faida mwezi wa sita. Na kama hakuna aliyerudi, usililipie tena, hata likipata laiki elfu kumi. Aliyekosa safu ya simu hawezi kujua yuko upande upi.

Ndiyo maana ukiniuliza namba moja ya kuiangalia kila mwezi, nitakwambia: kati ya walionunua, wangapi si wageni. Nilipoanza kuifuatilia hiyo niliacha kukimbizana na wapita njia, nikaanza kuwahudumia watu.

Tahadhari na kalenda. Hapa wanachanganyikiwa hata wenye vyeti. Mtu anaulinganisha mwezi na mwezi kama huo mwaka uliopita, anaona mauzo yameanguka, anashusha bei kwa hofu. Kwetu sisi tunaouza nguo, mwaka una sikukuu zinazotembea. Idi el-Fitr ya 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili, kwa hiyo siku kumi za mwisho za kununua nguo za watoto, zile zenye mbanano, ziliingia Aprili. Mwaka 2025 Idi ilikuwa Machi 31. Mbanano wote ukawa umekwisha ndani ya Machi, Aprili ikabaki kavu. Anayelinganisha Aprili na Aprili ataona biashara imekufa, na Machi na Machi ataona muujiza. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kalenda ya kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo hili litaendelea kila mwaka. Mimi nalinganisha mfungo na mfungo: wiki ya mwisho ya Ramadhani hii na wiki ya mwisho ya Ramadhani iliyopita. Kwenye daftari, pembeni ya tarehe, naandika kwa kalamu nyekundu: mfungo, Idi, wiki ya mishahara, shule zinafunguliwa, mvua kubwa. Januari wazazi wanalipa ada na kununua sare. Dera la elfu ishirini na tano si shida ya mtu mwezi huo, na usijilaumu.

Jambo jingine ni uchache wa namba zetu. Duka dogo lina wateja wachache, na namba chache hudanganya. Chukua sarafu, irushe mara 10. Kupata upande mmoja, wowote ule, mara 7 au zaidi hutokea karibu mara moja katika kila majaribio matatu, na sarafu haina kosa lolote. Sasa wewe umeweka picha mbili, moja imeulizwa na watu 40 wakanunua 5, nyingine imeulizwa na 40 wakanunua 8, na tayari unataka kumwambia kila mtu kwamba mandhari nyeupe inauza kuliko ya rangi. Bado hujui. Tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Rudia picha hizo hizo wiki nyingine na nyingine, kwa siku zile zile na bei ile ile, ndipo useme.

Tatizo hili ni la zamani, na lililetwa na biashara. William Sealy Gosset alikuwa mtaalamu kwenye kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin. Alikuwa na vipimo vichache vya shayiri na hopsi, mmea unaotia bia uchungu, na hesabu za wakati wake zilitaka vipimo vingi. Akatafuta namna ya kujua uchache unaruhusu kusema nini, akaichapisha mwaka 1908 kwa jina la "Student", kwa kuwa kiwanda hakikuruhusu wafanyakazi watoe maandishi kwa majina yao. Njia yake inafundishwa vyuoni hadi leo. Huna haja ya kukariri fomula yake ili uuze nguo, lakini ikitokea umesomea takwimu, tafadhali itumie dukani kwa mzazi wako. Elimu hiyo imekaa kwenye madaftari ya chuo huku maduka ya nyumbani yakibahatisha.

Takwimu za Instagram zina kazi yake, sitaki uzidharau. Ukiwa na akaunti ya biashara zitakuonyesha wafuasi wako wako miji gani na wanaingia saa ngapi. Mimi hizo nazitumia kwa mambo mawili: kuchagua saa ya kuweka picha, na kujua kama nina watu wengi Mwanza au Mbeya ili nipange siku ya kupeleka mizigo kwenye mabasi. Basi.

Nikufikishe kwenye safu niliyochelewa kuichora, nayo ndiyo imenipa faida kuliko zote. Daftari la mauzo linaandika ulichouza. Halijui ulichokosa kuuza. Anakuja mama, anauliza gauni la mtoto wa miaka 12, huna, anasema asante, anaondoka. Mwisho wa mwezi daftari linasema nguo za miaka 3 mpaka 6 ndizo zinazotoka, unaenda kufuata mzigo, unaongeza hizo hizo. Kila mwezi daftari linakuthibitishia ulichokuwa unaamini, kwa sababu hukuwahi kuweka kingine mezani.

Nikatenga ukurasa wa nyuma, nikauandika juu: WALIOKOSA. Kila anayeulizia kitu akakikosa, mstari mmoja: tarehe, kitu, saizi, rangi, na bei aliyoitaja kama aliitaja. Hata aliyeuliza kwa simu. Msaidizi wangu alilalamika kwamba tunapoteza muda na watu wasionunua. Wiki ya sita tukakaa chini tukahesabu kwa vijiti, vitano vitano, na kundi lililojaa kuliko yote lilikuwa nguo za mabinti wa miaka 10 mpaka 14. Nguo za watoto kwao ni ndogo na za kitoto, madera ya watu wazima yanawapwaya. Sikukimbilia kuleta furushi zima. Nilileta vipande 20 tu vya kujaribia, nikawatumia ujumbe wale walioacha simu. Vilitoka kabla sijavipanga vyote kwenye henga. Leo hizo ni theluthi ya duka langu.

Kuhusu hizo simu za watu: ni amana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume inayosimamia na kusajili wanaokusanya taarifa. Mwambie mteja kwa nini unachukua namba yake, akikataa usimshurutishe, akisema aondolewe mwondoe siku hiyo hiyo. Usimpe mfanyabiashara mwenzako orodha yako, hata akikuomba kwa udugu. Na usiwatumie watu matangazo kila asubuhi.

Mwisho wa kila robo mwaka natoa orodha ndogo: walionunua mara tatu au zaidi, kisha wakapotea miezi minne. Hawazidi kumi na tano. Sitaki programu iwatumie ujumbe, nawapigia mwenyewe. Mwanzoni nilidhani bei zimewashinda. Mmoja, mama wa Tabata aliyekuwa akiagiza kila mwezi, nilimsalimia, nikamuuliza hali, nikamwambia nimemkosa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, nguo zako nazipenda. Yule kijana wako wa bodaboda alinifokea mbele ya majirani kwa sababu nilichelewa kutoka getini." Hakuna safu ya daftari langu ambayo ingeniambia hilo. Nilimwomba radhi, nikabadilisha kijana. Kabla ya kukata simu, mama aliuliza kama madera ya kijani yameshaingia.