Nilivyojifunza kutomchoma kila mtoto mwenye kifua

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa tabibu kijana anayefanya kazi katika kituo kimoja cha afya upande wa Muheza. Baada ya shikamoo na kuniulizia hali ya nyumbani, aliandika jambo ambalo naamini wengi wenu mnaonisoma mmewahi kulitafakari mkiwa zamu ya usiku: "Dada, mwongozo nimeusoma, na ninajua kwamba watoto wachanga wengi tunaowalaza kwa kubanwa kifua hawahitaji nusu ya vitu tunavyowafanyia. Lakini nisipoandika sindano, wauguzi wananishangaa, mkuu wangu ananihoji na mama wa mtoto ananuna. Wewe uliwezaje?"

Sikumjibu siku ile, kwa sababu jibu la kweli linaanzia mahali ambapo sipendi kupataja.

Kwa miaka mingi, nikiwa muuguzi katika wodi ya watoto hapa Tanga, nilijulikana kwa mkono wangu. Mtoto wa miezi mitatu aliyenona, ambaye mshipa wake hauonekani wala haupapasiki, aliletwa kwangu baada ya wenzangu wawili kushindwa, nami nilimpata. Niliitwa hata nikiwa katikati ya chakula. Nikiri kwamba nililipenda jina lile, na mtu akishasifiwa kwa kuchoma, ni vigumu sana kuuliza kama kuchoma kwenyewe kunahitajika.

Masika moja, miaka kadhaa iliyopita, aliletwa mtoto wa miezi minne kutoka Makorora. Alianza na mafua, siku ya tatu kifua kikawa kinalia miluzi, mbavu zinazama kila anapovuta pumzi, na akipewa ziwa ananyonya mafunda mawili matatu kisha analiachia ili apumue. Homa ilikuwa ndogo na kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Yeyote aliyekwisha kukaa wodini kwa mwaka mmoja anaujua ugonjwa huu. Katika jalada lake iliandikwa picha ya kifua, vipimo vya damu, dripu, salbutamoli ya mvuke (dawa ya kufungua mirija ya hewa) kila baada ya saa sita, haidrokotisoni (steroidi ya kupunguza uvimbe) na seftriaksoni (antibiotiki ya sindano). Hakuna aliyeshangaa, nami sikushangaa, maana ndivyo tulivyokuwa tukiandika na kutekeleza.

Nilianza na mguu wa kushoto, nikaenda wa kulia. Nikamnyoa kwa wembe kipande cha kichwa juu ya sikio, nikachoma hapo mara mbili. Nikajaribu mkono wa kushoto. Mara ya sita nikaupata mshipa nyuma ya kiganja cha kulia, nikaifunga kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, kwa plasta na kipande cha boksi, nikajipongeza kimoyomoyo. Kila nilipomchoma alilia hadi mpira wa oksijeni ukamtoka puani, na namba ya oksijeni kwenye mashine ikashuka. Picha ya kifua ilirudi ikiwa na kivuli upande wa kulia juu, na kivuli kile kikatosha kuhalalisha siku tano za sindano. Jioni ya siku ya pili kanula ilivuja, kiganja kikavimba kama andazi, ngozi ikababuka na kuacha kidonda. Mtoto akapona kifua wiki ile ile, kama ambavyo angepona.

Nilikutana na mama yake baadaye katika soko la Ngamiani, mtoto akiwa mgongoni ndani ya kanga, mkono umetokeza, na kovu langu nikaliona kabla sijauona uso wa mama. Laiti angenitukana. Alinishika mkono kwa furaha akasema, "Sista, Mungu akulipe, wewe ndiye uliyemchoma mpaka akapona. Sasa hivi akikohoa tu nakwenda duka la dawa, nawaambia wanipe ile ile ya sindano." Niliitikia asante, nikarudi nyumbani bila samaki niliyekwenda kumnunua. Shukrani ile inaniuma mpaka leo, kwa maana nilikuwa nimemfundisha somo la uongo, na amelishika.

Ugonjwa wenyewe unaitwa bronkiolitisi, nao huwapata zaidi watoto walio chini ya mwaka mmoja. Mara nyingi huletwa na virusi, hasa vile viitwavyo RSV, ambavyo watafiti wa Kilifi, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, wamevifuatilia kwa miaka mingi. Mirija midogo kabisa ya hewa huvimba ndani na kuziba kwa makamasi na seli zilizokufa. Salbutamoli hulegeza misuli inayobana mirija, lakini hapa tatizo kubwa ni uvimbe na makamasi, kwa hiyo dawa haina cha kulegeza. Antibiotiki haiui virusi. Steroidi zimejaribiwa mara nyingi na hazikumsaidia mtoto wa namna hii. Eksirei nayo huonyesha kivuli ambacho mara nyingi ni sehemu ya pafu iliyosinyaa kwa sababu makamasi yameziba mrija, nasi tukikiona tunakiita nimonia na kukimbilia sindano. Ugonjwa huwa mkali zaidi kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha hupungua, na kikohozi chaweza kuendelea hadi wiki tatu. Kinachomvusha mtoto ni oksijeni pale inapopungua, maziwa ya kutosha, pua iliyo wazi na kutosumbuliwa.

Haya si maoni yangu. Madaktari wa watoto wa Marekani waliyaandika katika mwongozo wao wa mwaka 2014, na wenzao wa Uingereza wakatoa wa kwao mwaka 2015. Hata hivyo kuandika hakukutosha. Mwaka 2017 hospitali 26 za Australia na New Zealand ziligawanywa kwa kura. Nusu zilipewa mwongozo na kuachwa ziendelee kama kawaida. Nusu nyingine ziliteua madaktari na wauguzi wao wenyewe wa kuongoza mabadiliko, zikafundishwa, na zikaonyeshwa majalada yao wenyewe. Katika kundi la pili, asilimia 85 ya watoto walipita saa 24 za kwanza bila eksirei, salbutamoli, steroidi, antibiotiki wala adrenalini isiyohitajika, na katika kundi la kwanza asilimia 73. Tazameni hapo: hata wenye mashine zote na fedha zote walihitaji mtu wa ndani ya wodi wa kuwashika mkono.

Sasa nisieleweke vibaya, kwa sababu sisi hatuko Melbourne. Kwetu nimonia ya bakteria ingali inaua, ingawa chanjo ya nimokokasi (bakteria wanaoleta nimonia) tuliyoanza kuwapa watoto wetu mwaka 2013 imesaidia. Mtoto mwenye umri chini ya miezi miwili, mtoto asiyeweza kunyonya kabisa, aliyelegea, aliyepata degedege, anayetapika kila kitu, mwenye utapiamlo mkali au aliyezaliwa na mama mwenye VVU, huyo usimletee falsafa yangu. Mtibu upesi kama mwongozo wa taifa unavyosema. Mwenye homa apimwe malaria. Shirika la Afya Duniani linaruhusu mtoto mwenye miluzi ajaribiwe dawa ya kufungua mirija, kisha ahesabiwe pumzi upya. Kosa letu lilikuwa kwamba jaribio halikuwa na mwisho: dozi ya kwanza haikubadilisha kitu, nasi tukaendelea kila baada ya saa sita kwa siku nne, kwa sababu hakuna aliyerudi kuhesabu.

Nilipoleta neno hili katika kikao cha asubuhi, nikiwa na majalada mkononi, mkubwa mmoja alicheka akasema kwamba siku hizi wauguzi wanataka kuwafundisha madaktari udaktari. Watu wakacheka naye, wakiwemo wawili ambao jana yake walikuwa wameniunga mkono kwenye chai. Sikusema tena kikaoni kwa muda wa miezi. Leo dozi ya pili ya salbutamoli haitolewi katika wodi ile bila mtu kuandika idadi ya pumzi kabla na baada ya ile ya kwanza, na nasikia mkubwa yule anawaeleza wageni kwamba ni utaratibu wake. Basi, na uwe wake.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Muheza, na nyote mnaotaka kubadilisha wodi zenu, shaurini nafsi zenu kwanza kuhesabu pumzi. Kaa kitini, mpandishe mtoto fulana hadi kifuani, shika saa, hesabu dakika nzima, si sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne. Andika. Rudi baadaye uhesabu tena. Ninajua wengi hamhesabu, kwa sababu hata mimi sikuwa nikihesabu. Niliandika 52 kwa kutazama tu kutoka mlangoni, na Mungu anisamehe.

La pili ni hilo hilo, isipokuwa lifanye mbele ya mama. Ukimnyang'anya mama sindano usimwachie mikono mitupu. Mwaka jana nilikuwa na bibi mmoja kutoka Pongwe, aliyekuja na mjukuu wa miezi mitano, oksijeni yake asilimia 93, mbavu zinazama kidogo, bado ananyonya. Asubuhi ya pili alinikabili: "Mwanangu, mtoto huyu hajachomwa hata sindano moja. Mnamwuguza au mnamtazama? Kama hamuwezi niambieni, nimpeleke akakatwe kimeo." Zamani ningemwandikia daktari ujumbe ili tumwekee bibi dripu ya kumtuliza, maana ukweli ni kwamba dripu nyingi za wodini ni za kuwatuliza ndugu. Niliketi kitandani kwake, nikamwambia kwamba kukata kimeo kutamtoa damu mtoto na hakutafungua kifua, kisha nikamwonyesha mbavu, nikampa saa yangu ya kifuani, tukahesabu pamoja. Tukapata 56. Nikamwonyesha jinsi ya kutia tone la maji ya chumvi puani na kufuta makamasi juu juu, bila kuingiza kitu ndani, na jinsi ya kumnyonyesha kidogo kidogo na mara kwa mara badala ya kumlazimisha ashibe kwa mkupuo mmoja.

Mchana alinifuata hadi kwenye meza ya dawa: "Hamsini na tatu." Jioni akaniletea namba nyingine. Siku ya tatu alikuwa akimhesabia na mtoto wa kitanda cha jirani, na mama wa kitanda kile akaacha kuniuliza habari za sindano.

Kuhusu mkuu wako anayekuhoji, usishindane naye kikaoni kama nilivyofanya mimi. Mtafute mtu mmoja tu atakayekusikia, na usidhani lazima awe daktari. Wa kwanza wangu alikuwa mfamasia, ambaye hakujali sana bronkiolitisi, bali alikuwa amechoka kwamba kila ifikapo katikati ya mwezi seftriaksoni imekwisha na mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo anaandikiwa akanunue nje. Nilimwomba anitolee orodha ya watoto waliopewa dawa ile katika mwezi mmoja. Alinitolea siku ile ile, kwa mkono, kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda.