Ada ya Chama na Mzee wa Bandarini

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilisema: "Je, msanii aliyejiajiri anafaidika na chama cha wataalamu wa fani yake, au ada yake inapotea bure?" Ninaishi Rotterdam, naongoza filamu na makala za televisheni, na nilipolisoma swali hilo nilikusudia kuwajibu kwa neno moja, "inapotea". Nilikuwa na sababu yangu, nayo nitaieleza, ingawa kadiri ninavyoandika naona kwamba hainifikishi nilikodhani.

Uholanzi ina chama cha waongozaji wa filamu, televisheni na tamthilia za jukwaani kiitwacho Dutch Directors Guild, ambacho sisi wa fani hii hukiita DDG. Hakifanani na vyama vyetu vya kufa na kuzikana, wala si chama cha wafanyakazi kwa maana tuliyoizoea, kwa kuwa waongozaji wengi hapa hawana mwajiri bali huingia mkataba kazi baada ya kazi. Chama huwasemea mbele ya serikali, mfuko wa filamu, vituo vya utangazaji na watayarishaji, ambao nao wana chama chao. Katika Ulaya kimo ndani ya FERA, shirikisho la waongozaji lenye makao Brussels. Kukusanya fedha zinazotokana na haki za waongozaji ni kazi ya chombo kingine, VEVAM, na wageni wengi huvichanganya viwili hivi, kama nilivyovichanganya mimi kwa miaka kadhaa.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Februari 2014 nilikuwa nimekamilisha mazungumzo ya kuongoza makala ya sehemu tatu kuhusu wazee waliofanya kazi katika bandari ya Rotterdam kabla ya makontena kuwaondolea kazi ya mikono. Kampuni ya utayarishaji, ambayo sitaitaja, iliniita Hilversum, mji wenye vituo vingi vya utangazaji, kusaini mkataba. Ulikuwa wa kurasa 11, na katika ukurasa wa 7 palikuwa na kifungu kilichosema kwamba ninahamisha haki zote, zinazojulikana na zitakazokuja kujulikana, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki, kwa malipo ya mkupuo mmoja. Wasomaji wanaokumbuka jinsi filamu za Bongo zilivyouzwa nzima nzima kwa wasambazaji wa Kariakoo wataielewa biashara hiyo bila maelezo zaidi. Mtayarishaji hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kwa upole kwamba kila mtu husaini hivyo hivyo, akanipa mwisho wa juma nifikiri.

Jumamosi nilikwenda kwa mwongozaji mmoja mwenye umri wa mama yangu, mwanachama wa siku nyingi. Tulikaa mezani jikoni kwake akausoma mkataba wote na penseli mkononi, akikata neno hapa na kuongeza neno pale, naye hakuwa na haraka hata kidogo. Nikamuuliza swali nililodhani ndilo la maana kuliko yote: bei ya chini ni ngapi? Akaweka penseli chini. Alisema hakuna chama kinachoweza kunipa bei hiyo, kwa sababu mbele ya sheria ya ushindani mimi si mfanyakazi, ni biashara, na biashara zikikubaliana bei zinahesabiwa kuwa zimekula njama. Nilikasirika. Chama gani, nilimuuliza, kisichoweza kumwambia mwanachama adai kiasi gani? Hasira hiyo nimeibeba kwa miaka mingi, na ndiyo iliyotaka kuandika "inapotea".

Kisha akanionyesha sentensi aliyoiongeza pembeni mwa ukurasa wa 7: kazi isifupishwe wala kuhaririwa upya bila mwongozaji kushirikishwa. "Hii ndiyo bei yako," alisema. Sikumwelewa. Jumatatu nilirudi Hilversum. Serikali kuu ilikuwa imekwisha kupunguza takriban yuro milioni 200 katika bajeti ya utamaduni, kila aliyekuwa na kazi aliishikilia kwa mikono miwili, na mimi nilidaiwa kodi ya nyumba ya miezi miwili. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, nami nikampisha. Nilisaini mkataba kama ulivyokuwa, na ile karatasi yenye maandishi ya penseli haikutoka mkobani.

Mwaka uliofuata makala yalionyeshwa, yakarudiwa, kisha yakakatwa kuwa kipindi kimoja cha dakika 25. Niliyaona kwenye kinyozi, jina langu likipita mwishoni. Katika sehemu ya pili palikuwa na mzee aliyeulizwa kuhusu mwenzake aliyeangukiwa na mzigo melini, naye alikaa kimya sekunde 40 kabla ya kusema, "Tuliendelea kupakua." Walioihariri upya waliondoa kimya chote. Likabaki swali na jibu, papo kwa papo, na mzee akaonekana mtu asiye na huruma. Baada ya siku mbili alinipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Ni wewe uliyenikata?" Nilimweleza kuhusu mkataba, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba yeye hakuzungumza na mkataba, alizungumza na mimi.

Najua mmeuliza kuhusu faida na ada, nami nimewajibu kuhusu kimya cha sekunde 40. Lakini mwongozaji humwahidi anayempiga picha kwamba atamtunza, na bila neno katika uhariri hana uwezo wa kuitimiza ahadi hiyo. Fedha ni jambo kubwa, sikatai. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2015 ilimpa mwongozaji mkuu na mwandishi wa mswada wa filamu malipo ya haki yanayolingana na matumizi kila kazi yao inapotangazwa, haki wasiyoweza kuiuza, ingawa iliacha nje utazamaji ambao mtu huchagua mwenyewe saa na mahali, yaani ule ulioendelea kukua. Sheria ya namna hiyo haitokani na mwongozaji mmoja mmoja kulalamika kinyozini, na hapo naanza kuilegeza hasira yangu.

Hata lile suala la bei nililihukumu vibaya. Tarehe 4 Desemba 2014, miezi kumi tu baada ya Jumatatu ile, Mahakama ya Ulaya ilitoa uamuzi katika kesi ya wanamuziki wa akiba wa okestra za Uholanzi: aliyejiajiri kwa jina tu, huku hali yake ikilingana na ya mfanyakazi, anaweza kuingizwa katika makubaliano ya pamoja ya malipo. Mwaka 2022 Kamisheni ya Ulaya ikatoa mwongozo uliopanua zaidi nafasi ya waliojiajiri peke yao kujadiliana kwa pamoja. Kwa hiyo mlango nilioambiwa umefungwa umefunguka kidogo, na waliosukuma walikuwa watu waliokuwa na vyama.

Nimejiunga, na ada nailipa. Jibu langu basi ni kwamba haipotei, lakini nalitoa kwa masharti. Kwa wenzetu wa jukwaani faida hii ya marudio ya televisheni haina maana kubwa. Wao wanasubiri ruzuku zinazogawanywa kila baada ya miaka minne, na shida yao inataka dawa nyingine. Na kwa kijana anayesaini mkataba wake wa kwanza Jumatatu ijayo huku anadaiwa kodi, siwezi kuapa kwamba kadi ya uanachama ingemzuia, kwa maana sina hakika ingenizuia mimi. Ningemwomba tu autafutie mkataba wake mtu wa kuusoma naye, hata kabla hajafikiria ada.

Mkataba niliousaini mwaka jana una sentensi ile ya penseli, karibu neno kwa neno. Iligharimu wiki tatu za barua, na katika barua mbili kati ya hizo niliandika wazi kwamba mimi ni mwanachama. Mzee wa bandarini alifariki kabla sijaipata. Binti yake anayo nakala ya makala kama nilivyoyahariri, na kimya cha baba yake kimo.

Msomaji wenu, Rotterdam