Kitabu cha viboko kiko wapi?

Mhariri, mmeuliza: "Je, viboko viondolewe kabisa shuleni?" Majibu ya ndiyo na hapana mtayapata ya kutosha, na nusu yake yataanza na "mbona sisi tulichapwa na leo ni watu". Mimi nina swali la kabla ya hilo: hivi vinavyochapwa leo Tanzania Bara vinachapwa kwa ruhusa ipi? Watu wanabishana kana kwamba kila shule inajichapia tu, wakati kanuni ipo tangu 2002.

Ni Kanuni za Elimu kuhusu adhabu ya viboko, Tangazo la Serikali Na. 294, chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa. Kiboko ni cha utovu mkubwa wa nidhamu, au kosa zito linaloiaibisha shule. Visizidi vinne kwa tukio moja. Fimbo iwe nyepesi, inayopindika, na ipige mkononi au kwenye makalio juu ya nguo. Mgongo, miguu, kofi, mkanda, bomba la maji, vyote haviruhusiwi. Anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Umri, jinsia na afya ya mtoto viangaliwe. Kisha kila tukio liingie kwenye kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa, na sahihi ya mkuu wa shule.

Kesi yote iko kwenye hicho kitabu. Chukua asubuhi yoyote. Saa moja na nusu imepita, mwalimu wa zamu yuko getini, wachelewaji 40 wamepanga mstari, kila mmoja anakula viwili, watu wanaingia darasani. Kwa kanuni, hapo inatakiwa mistari 40 kwenye kauntabuku, mkuu aisaini yote, na mtu aeleze dakika kumi za kuchelewa zimekuwaje utovu mkubwa wa nidhamu. Inatakiwa pia barua ya idhini. Ukiiuliza utaonyeshwa ratiba ya zamu iliyobandikwa ofisini, na ratiba ya zamu si idhini ya kuchapa.

Kwa hiyo msimamo wangu wa kwanza ulikuwa huu: kanuni iachwe, ila ifuatwe. Ikifuatwa kwa uaminifu, viboko vitapungua vyenyewe, maana hakuna mkuu wa shule mwenye muda wa kuandika kiasi hicho.

Lakini tuikumbuke Chunya, Oktoba 2019. Sekondari ya Kiwanja: wanafunzi walinyang'anywa simu, mabweni yakaungua. Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, Albert Chalamila, akafika shuleni na kuwachapa mwenyewe wanafunzi zaidi ya kumi, kamera zikiwaka. Video ile karibu kila mwenye simu aliiona. Rais Magufuli akampongeza hadharani, na nchi ikagawanyika: wapo waliosema ndiyo dawa, wapo waliosema ni udhalilishaji. Nani aliuliza habari ya kitabu?

Tujaribu kukijaza. Jina la mwanafunzi: sawa, wanajulikana. Kosa: hapa kalamu inasita. Simu, au moto? Kukutwa na simu na kuchoma bweni ni makosa mawili tofauti. La pili ni jinai, lina polisi na mahakama yake, na halimalizwi kwa fimbo uwanjani. Idadi ya viboko: ihesabiwe kutoka kwenye video, sijui na nani. Jina la mwalimu aliyechapa: hakuna, maana mkuu wa mkoa si mwalimu wa shule ile, na mkuu wa shule hawezi kumpa idhini ya maandishi mtu ambaye si mwalimu wake. Mwishoni sahihi ya mkuu wa shule, ambaye pale uwanjani alikuwa mtu mdogo kuliko wote wenye vyeo. Angekataa vipi? Kanuni inamtishia yeye hatua za kinidhamu ikikiukwa. Aliye juu yake haimgusi.

Na hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo nimelipita mara nyingi. Katika kitabu hicho hakuna safu ya "mwanafunzi alisema nini". Katiba, Ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Mtoto wa darasa la tano aliyefariki Bukoba Agosti 2018 alipigwa kwa tuhuma ya kuiba pochi ya mwalimu. Hata kitabu cha pale kingekuwa kinajazwa kila siku, kisingekuwa na pa kuandika kwamba alikana.

Basi ninajikuta nasema viondolewe, mimi niliyeanza kwa kuitetea kanuni. Kenya walivifuta 2001, na Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Bado wapo watoto wa Kenya wanaochapwa, sikatai. Tofauti ni kwamba mzazi wa kule hahitaji kuthibitisha kwamba vilikuwa vitano na si vinne. Ila mwalimu mwenye watoto 100 darasani asipokonywe fimbo halafu aachwe mikono mitupu: apewe mwalimu wa unasihi mwenye vipindi vichache, na bodi ya shule inayokaa kweli. Bila hayo, fimbo itahamia nyuma ya darasa, na huko hata kauntabuku haifiki.

Kwa sasa kanuni bado ipo, kwa hiyo mzazi ambaye mwanao amerudi na alama, nenda kituoni siku hiyo hiyo, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, uchukue PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi kutibiwa, kisha hospitali, kabla uvimbe haujashuka. Piga picha kwenye mwanga wa kutosha. Simu ya mtoto ni 116, hailipiwi. Malalamiko yaandike, nakala moja kwa mkuu wa shule, nyingine kwa afisa elimu, nyingine kwa afisa ustawi wa jamii. Ya mdomo huishia ofisini kwa soda. Ukiitwa "tuyamalize", nenda, lakini usisaini karatasi yoyote ya makubaliano kabla hujaonyeshwa ukurasa wa siku ile kwenye kitabu.